Baridi yabisi ya mbwa

Baridi yabisi ya mbwa ni ugonjwa wa viungo unaoleta maumivu, ukakamavu na kuchechemea. Aina yake ya kawaida ni osteoathritisi, ambapo gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, hulika taratibu. Utando wa kiungo huvimba, ute wake huwa mwepesi na mfupa huota vinundu pembeni. Gegedu lililolika halirudi kama lilivyokuwa, hivyo tiba hulenga kutuliza maumivu na kumwezesha mbwa kutembea.

Ugonjwa huu hudhaniwa kuwa wa mbwa wazee tu. Kwa kweli, mara nyingi huanzia kwenye kasoro ya kiungo. Mbwa wa aina ya German Shepherd, Labrador na Rottweiler huweza kurithi nyonga au viwiko visivyokaa vyema, na wengine huanza kuchechemea kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Sababu nyingine ni kukatika kwa kano ya goti, mifupa iliyovunjika ikaunga vibaya na, kwa mbwa wadogo, pia ya goti inayohama mahali pake.

Mbwa mwenye maumivu ya viungo halii ovyo, na hapo ndipo wafugaji wengi hupotea. Dalili ya kwanza huwa ndogo: anaamka kwa taabu, hatua za mwanzo ni nzito, kisha akishapata joto anatembea kana kwamba hana neno. Baadaye husita kwenye ngazi au hukataa kurukia gari alilolizoea. Mguu wa mbele ukiuma, huinua kichwa kila unapokanyaga chini. Nyonga zikiuma, hukimbia akirusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja kama sungura. Misuli ya mapaja hupungua, kucha hurefuka kwa kukosa kusagika, na kiungo kimoja hulambwa mpaka manyoya yanabadilika rangi. Mbwa mpole akianza kung’aka anaposhikwa kiuno, achunguzwe kabla ya kuadhibiwa.

Si kila kiungo kinachouma kina osteoathritisi. Katika Afrika Mashariki, ambako kupe wa kahawia wa mbwa wamejaa, homa inayoambatana na kuvimba kwa viungo kadhaa huweza kuwa erlikiosisi, maradhi ya bakteria wanaoenezwa na kupe huyo. Hayo hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki 4. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla na chenye joto, hasa baada ya kuumwa na mbwa mwingine, huenda kimeingia usaha, na hilo ni jambo la dharura.

Daktari wa mifugo humtazama mbwa akitembea, hukunja na kukunjua kila kiungo, kisha hupiga eksirei. Picha pekee haitoshi: kiungo kilichoharibika sana kwenye picha huweza kumsumbua mbwa kidogo, na kinyume chake. Viungo vingi vikiwa vimevimba, huvutwa ute kwa sindano ili upimwe.

Tiba yenye faida kubwa haiuzwi dukani: ni kupunguza uzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Walioshiba walihitaji tiba ya viungo katika umri wa wastani wa miaka 10.3, waliopunguziwa miaka 13.3. Kwa mbwa mnene ambaye tayari anachechemea, kupunguza takriban asilimia 6 tu ya uzito huweza kuboresha mwendo wake.

Dawa kuu ni za kupunguza uvimbe na maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, kama vile kaprofeni na meloksikamu. Ini na figo hupimwa kwanza, dawa hutolewa pamoja na chakula, na husimamishwa mbwa akitapika au akinya kinyesi cheusi. Hazichanganywi kamwe na steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni. Vidonge vya binadamu, hasa ibuprofeni na diklofenaki, ambavyo karibu kila nyumba huwa navyo, huweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Tangu mwaka 2020 Ulaya imeruhusu sindano ya bedinvetmabu, inayodungwa mara moja kwa mwezi. Mafuta ya samaki husaidia kiasi. Ushahidi wa glukosamini ni dhaifu.

Nyumbani, matembezi mafupi ya kila siku ni bora kuliko mbio ndefu za mwisho wa wiki, na godoro kavu ni bora kuliko sakafu ya saruji. Maumivu yasipotulia, upasuaji huweza kufanywa: kuondoa kichwa cha fupaja, kuweka nyonga bandia au kuimarisha goti lililokatika kano.