Kiongozi Mstaafu Katika Jukwaa la Uchaguzi

Chama cha siasa kinapoona kura zinapungua hutazama nyuma. Humkumbuka kiongozi aliyekipatia ushindi zamani, na hujiuliza kama sauti ile ile haiwezi kukifaa tena. Jibu si jepesi, kwa kuwa kiongozi hapandi jukwaani na ushindi wake peke yake. Hupanda pia na mambo ambayo watu hawajamsamehe. Uingereza ilitoa mfano wa jambo hili katika mwaka 2010.

Tony Blair alishika uongozi wa chama cha Labour mwaka 1994, akakishindia uchaguzi mara tatu mfululizo: 1997, 2001 na 2005. Hapana kiongozi mwingine wa chama hicho aliyefanya hivyo. Lakini mwezi wa Machi 2003 aliipeleka nchi yake vitani Iraki pamoja na Marekani. Umati mkubwa ulikuwa umekwisha kuandamana London kuipinga vita, na Bungeni wajumbe 139 wa chama chake mwenyewe waliunga mkono hoja kwamba sababu ya vita haijathibitishwa. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu hazikuonekana. Askari 179 wa Uingereza walikufa huko, na Wairaki waliokufa ni wengi mno kuliko hao. Ushindi wa 2005 wenyewe ulikuwa na ufa: wingi wa viti vya serikali Bungeni ulishuka kutoka 167 hadi 66.

Blair aliondoka madarakani Juni 2007, akamwachia Gordon Brown. Tarehe 29 Januari 2010 aliitwa mbele ya tume ya Sir John Chilcot iliyokuwa ikichunguza vita ile, akasema hajutii kumwondoa Saddam Hussein. Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Machi, alisimama Trimdon, katika jimbo la Sedgefield alilokuwa mbunge wake tangu 1983 hadi 2007, akamsifu Brown na kukiombea chama kura. Ufasaha wake ulikuwa ule ule wa zamani. Lakini msikilizaji aliyezika mwanawe kwa ajili ya Iraki angeusikiaje ufasaha huo?

Uchaguzi ulifanywa tarehe 6 Mei. Labour ilipata viti 258, Conservative 306, na tarehe 11 Mei Brown akajiuzulu. Mwanahistoria asifanye haraka kusema kwamba Blair ndiye aliyekiangusha chama. Kulikuwa na msukosuko wa fedha wa 2008, kashfa ya posho za wabunge ya 2009, na uchovu wa serikali iliyotawala miaka 13. Hotuba moja haiwezi kubebeshwa lawama yote hiyo. Tunaloweza kusema kwa haki ni kwamba kumleta Blair kulifufua swali ambalo chama hakikuwa na jibu lake.

Mtu atasema: basi afichwe. Njia hiyo nayo imejaribiwa. Mwaka 2000 Al Gore, Makamu wa Rais wa Marekani, aligombea urais huku Bill Clinton angali madarakani. Clinton alikuwa ameshitakiwa na Baraza la Wawakilishi Disemba 1998 na kuachiliwa na Seneti Februari 1999. Gore alijitenga naye, asimtumie sana katika kampeni. Alishindwa Florida kwa kura 537, akashindwa pia Arkansas, nyumbani kwa Clinton, ambako kura sita za wajumbe zingetosha kumpa urais. Kwa kumkwepa Clinton alijinyima sifa za miaka minane ya neema, na bado aibu ya bwana wake ilimwandama.

Wahenga walisema, ukipenda boga penda na ua lake. Labour ilitaka boga lionekane na ua lisionekane. Gore aliogopa ua akaliacha na boga. Kosa lao lilikuwa moja: wote wawili walidhani kwamba jambo lililo baina ya chama na wananchi ni sura ya mtu, ya kuonyeshwa au kufichwa. Sivyo. Vita ya Iraki haikuwa ya Blair peke yake. Brown alikuwa waziri wa fedha wa serikali ile, na mbele ya tume hiyo hiyo, Machi 2010, alisema uamuzi ulikuwa wa haki. Hata kama Blair angekaa nyumbani, deni lingebaki mlangoni mwa chama.

Septemba 2010 kiongozi mpya, Ed Miliband, aliuambia mkutano wa chama kwamba vita ilikuwa kosa. Neno hilo halikumpa ushindi mwaka 2015. Na mwaka huo Blair alipotoa pauni 1,000 kwa kila mgombea katika majimbo 106 yaliyoshindaniwa, baadhi yao walizikataa. Ungamo, basi, si hila ya kupata kura. Ni wajibu kwa walio hai na kwa waliokufa, na chama kinachoungoja mpaka msimu wa kampeni huwa kimechelewa. Mstaafu anaweza kusimama jukwaani bila kukitia chama hatarini pale tu ambapo chama kimekwisha kusema, kwa kinywa chake chenyewe, lipi lilikuwa jema katika utawala wake na lipi lilikuwa ovu.