Mbegu na Fosforasi: Historia ya Fikra za Utafiti wa Kilimo Usukumani

Udongo wa kichanga wa Usukumani, uitwao luseni, una upungufu wa fosforasi. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilichoanzishwa miaka ya 1930, kililikabili tatizo hilo kwa majaribio ya samadi na mbolea ya fosfati. Mbegu ilipewa jukumu tofauti: aina za pamba za UK ziliteuliwa zaidi kwa uwezo wa kuhimili wadudu wafyonzaji na ugonjwa wa bakteria. Njaa ya udongo ilihesabiwa kuwa kazi ya mbolea peke yake.

Mgawanyo huo ulitikiswa mwaka 2012, ilipotangazwa jeni ya PSTOL1. Jeni hiyo ilipatikana katika Kasalath, mpunga wa jadi kutoka India. Huchochea ukuaji wa mizizi mapema, hivyo mmea hufikia fosforasi zaidi. Aina nyingi za kisasa hazina jeni hiyo, kwani uteuzi katika mashamba yaliyotiwa mbolea hauidhihirishi faida yake.

Kwa msingi huo, makala hii inahoji kwamba mbegu za jadi za majaluba ya Shinyanga ni ushahidi wa kihistoria. Zinapaswa kukusanywa na kupimwa katika udongo usiotiwa mbolea, kabla hazijatoweka.