Homa ya 1918 Ilipanda Gari la Serikali

Vitabu vingi vya historia ya Afrika Mashariki huifunga Vita Kuu ya Kwanza tarehe 25 Novemba 1918, siku Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia. Kwa maofisa wa pande zote mbili huenda tarehe hiyo inatosha. Kwa wapagazi na kwa vijiji walikotoka haitoshi hata kidogo, maana wakati bendera zikiteremshwa, homa ya mafua ilikuwa imekwisha kuingia Mombasa tangu Septemba, ikapanda bara na kuanza kuzika watu ambao risasi hazikuwafikia. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Kenya ilipoteza watu wapatao 150,000, na Tanganyika kati ya 50,000 na 80,000. Duniani kote wataalamu wengi hukadiria vifo milioni 50, na India peke yake si pungufu ya milioni 12. Msiba wa ukubwa huo umezoeleka kusimuliwa kama gharika: ulikuja, ukaua, ukaondoka, na hapakuwa na wa kuulizwa. Mimi nasema wa kuulizwa walikuwapo. Kirusi ni kiumbe cha asili, lakini njia kilizopita, kasi kiliyokuwa nayo na hali ya miili kiliyoikuta vilikuwa kazi ya watu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa amri na kwa fedha za serikali.

Tuanze na bahari, kwa sababu kalenda ya bahari inaeleza mengi. Kwa karne nyingi pwani ya Waswahili iliishi kwa pepo mbili. Majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi kwao na kusi lilipoanza kuvuma. Mwezi wa Septemba si msimu wa kupokea wageni kutoka Bombay kwa tanga. Nahodha anayejua kazi yake hathubutu kukabili upepo wa namna hiyo. Hata angethubutu, safari ingechukua majuma, na mafua hayana subira ya majuma. Mtu akishaambukizwa huanza kuumwa baada ya siku moja hadi nne, na baada ya juma moja hivi ama amepona ama amekufa. Katika chombo chenye mabaharia wachache, ugonjwa ungewapitia wote na kuisha kabla minara ya misikiti ya Mombasa haijaonekana. Kwa namna hiyo bahari ya zamani ilikuwa na karantini yake, isiyowekwa na mtu yeyote. Meli za moshi ziliiondoa. Kufikia 1918 zilipita kati ya Bombay na bandari za Afrika Mashariki mwaka mzima bila kuuliza upepo unatoka wapi, zikiwa na mamia ya abiria, idadi inayotosha kuufanya ugonjwa uhame kutoka mtu hadi mtu mpaka nanga itupwe. Bombay ilikwisha kupigwa na wimbi la kwanza mwezi wa Juni, na wimbi la pili, lililo baya zaidi, likaifikia Septemba. Mwezi huohuo Mombasa ikaanza kuumwa.

Kutoka bandarini, reli ilifanya yaliyobaki. Njia ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, na pale meli za ziwani zilipokea abiria na mizigo kuelekea Uganda na Mwanza. Garimoshi lilimtoa mtu Mombasa na kumfikisha Nairobi kwa muda wa siku moja hivi. Hapa ndipo tabia ya ugonjwa huu inapokuwa ya hatari, kwa kuwa mgonjwa wa mafua huanza kuambukiza wengine hata kabla hajahisi baridi ya kwanza mwilini. Aliweza kupanda behewa akiwa mzima, akashuka Nairobi akiwa mzima, akapeana mikono na jamaa zake, na homa ikampanda usiku wa pili. Misafara ya zamani ya miguu, iliyochukua miezi kutoka pwani hadi maziwa makuu, isingeweza kufanya hivyo: mgonjwa angelala njiani, na wenzake wangejua. Upande wa kusini mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwezi huo wa Septemba meli za Jaroslav na Veronej ziliingia Cape Town na wanajeshi na vibarua wa Kiafrika waliokuwa wakirudishwa kutoka Ulaya, baada ya kupitia Freetown, ambako ugonjwa ulikuwa umekwisha kushika tangu Agosti. Afrika Kusini ikazika watu wapatao 300,000. Homa ikafuata reli hadi Rhodesia, na kwa njia ya Rhodesia na Nyasaland ikagonga mlango wa kusini-magharibi wa Tanganyika. Nchi ikashikwa kutoka pande mbili.

Nani alikuwa njiani wakati huo? Jibu ni wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha, kwa hiari ya wachache na kwa kulazimishwa kwa wengi, watu wanaokaribia milioni moja wa kubeba risasi, unga na wagonjwa katika vita vya Afrika Mashariki. Hesabu rasmi ilikiri vifo zaidi ya 95,000, na wengi wao walikufa kwa kuhara damu, malaria na njaa kuliko kwa bunduki. Kariakoo ya Dar es Salaam na ile ya Nairobi ni kumbukumbu za kambi zao. Waliobaki hai waliachiwa katika miezi ileile homa ilipokuwa katika kilele chake, wakarudishwa kwao kwa meli, kwa mabehewa na kwa miguu, wakiwa wamekonda na mapafu yamechoka. Usingeweza kubuni mpango bora zaidi wa kusambaza mafua: kusanya vijana kutoka kila wilaya, walaze wakiwa wamebanana katika kambi, wadhoofishe, kisha warudishe wote makwao kwa mara moja.

Pingamizi la kwanza ni kwamba nawahukumu watu wa jana kwa elimu ya leo. Ni kweli kwamba mwaka 1918 hakuna daktari aliyekijua kirusi cha mafua. Tangu 1892 wengi waliamini maelezo ya Richard Pfeiffer, Mjerumani aliyesema chanzo ni bakteria fulani, na walikosea pamoja naye. Kirusi cha mafua ya binadamu hakikupatikana hadi 1933, jijini London, kwa kazi ya Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, na chanjo zilifuata katika miaka ya 1940. Lakini kumzuia mgeni hakuhitaji kujua jina lake. Serikali za kikoloni zilikuwa na uzoefu mrefu wa karantini: Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Unguja, kilitumika kuwazuilia abiria wa melini, na mwaka 1902 soko la Wahindi la Nairobi lilichomwa moto kwa sababu ya tauni. Watawala walioweza kuchoma maduka ya watu hawawezi kusemwa kwamba walikosa ujasiri wa hatua kali. Walichokosa mwaka 1918 ni nia ya kusimamisha meli na magarimoshi ambayo vita na biashara viliyategemea.

Visiwa vya Samoa vinatoa ushahidi ambao sioni unavyoweza kupingwa. Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune kutoka Auckland, New Zealand, iliruhusiwa kutia nanga Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa. Mtawala wa kijeshi kutoka New Zealand, Robert Logan, hakuweka kizuizi, na msaada wa madaktari wa Marekani kutoka visiwa vya jirani haukutumika. Katika wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano. Ng'ambo ya mkono wa bahari, katika Samoa iliyokuwa chini ya Marekani, gavana John Poyer alifunga bandari, na hakufa hata mtu mmoja kwa homa hiyo. Watu ni walewale, lugha ni ileile, vyakula ni vilevile, na elimu ya udaktari ilikuwa ileile yenye makosa. Tofauti ilikuwa uamuzi wa ofisi. Mwaka 2002 Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi Wasamoa hadharani, na kosa hilo la karantini lilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyataja.

Mtu mwangalifu atanijibu kwamba Samoa ni kisiwa kidogo, ilhali Afrika Mashariki ina pwani ndefu, maziwa na mipaka isiyo na ukuta. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza, na sehemu yake naikubali. Hata kama Mombasa ingefungwa kabisa, homa ingeingia kutoka kusini, au ingekuja Desemba na majahazi makubwa zaidi ya kaskazi. Hata hivyo kuchelewesha ni tofauti na kushindwa. Australia, ambayo si kisiwa kidogo kwa kipimo chochote, ilisimamisha meli zake baharini, na ugonjwa haukushika nchini hadi mwanzoni mwa 1919. Ikapoteza watu kati ya 12,000 na 15,000, kiwango kilichokuwa chini ya majirani zake. Kwa Afrika Mashariki miezi mitatu ya kuchelewa ingekuwa na maana kubwa zaidi, kwa kuwa ingetosha wapagazi kufika kwao, kupumzika na kula. Na kuna hatua ambazo hazikuhitaji kufunga mpaka wowote: kuwaachia wapagazi kwa makundi madogo, kuacha kuwajaza watu kwenye mabehewa kama magunia, na kusitisha kuandikisha vibarua wapya katika wilaya zilizokuwa zikizika kila siku.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanasayansi, na ndilo linalonifikirisha zaidi. Kirusi cha 1918, wanasema, kilikuwa kikali kwa asili yake. Tofauti na mafua ya kila mwaka, ambayo huchukua watoto wachanga na wazee, hiki kiliua watu wenye umri kati ya miaka 20 na 40, hata katika nchi zilizoshiba. Wengi walikufa kwa kichomi kilichofuata mafua, na dawa za kuua bakteria hazikuwapo. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walikamilisha kusoma maumbile ya kirusi hicho kutokana na mabaki ya waliokufa, yakiwemo mapafu ya mwanamke aliyezikwa katika ardhi ya barafu huko Alaska, na majaribio yakathibitisha ukali wake. Yote haya ni kweli. Hata hivyo ukali mmoja uliokwenda dunia nzima haukuzaa vifo sawa dunia nzima. India ilizika watu kwa kiwango ambacho Ulaya haikukijua, na ndani ya New Zealand Wamaori walikufa kwa kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha wenzao wa asili ya Ulaya. Ugogoni, katikati ya Tanganyika, homa iliwakuta watu ambao tayari walikuwa katika njaa kubwa iitwayo Mtunya, iliyodumu kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi kupita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kenya nayo ilikuwa na ukame katika mwaka huohuo wa 1918. Nyumba ambayo wote wamelala kwa homa na hakuna wa kuteka maji wala kupika uji hupoteza hata mgonjwa ambaye angepona. Kirusi kilileta ugonjwa, lakini sehemu isiyojulikana kipimo chake, na naamini si ndogo, ya vifo vile iliandaliwa miaka minne kabla.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi watawala walivyousoma msiba huo. Vita, njaa na homa vilikuwa vimepunguza nguvukazi, na walowezi wa Kenya wakalalamika kwamba mashamba hayana watu. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey alitoa waraka uliowaagiza maofisa na machifu kuwahimiza Waafrika, wanawake na watoto wakiwemo, kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo, na katika kipindi hicho kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha kazi, kikaanza kutumika kwa nguvu. Jamii zilizokuwa bado zinaomboleza zikahesabiwa tena, safari hii kama vibarua. Hasira iliyozaliwa hapo haikukawia kusikika. Mwaka 1922 umati ulipigwa risasi Nairobi ukidai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga kipande na kazi ya kulazimishwa, aachiwe.

Naona hapa pia ndipo ilipo sababu ya homa hii kukosa nafasi yake katika historia tunayowafundisha watoto. Imefichwa katikati ya vita na njaa, kila moja ikidai wafu walewale, na serikali iliyohesabu vibanda kwa ajili ya kodi haikuhesabu makaburi. Ndiyo maana takwimu nilizozitaja mwanzoni ni makadirio na zitabaki hivyo kwa muda. Wanaodai kwamba hoja yote inaanguka kwa udhaifu wa takwimu wanasahau kuwa njia ya ugonjwa, yaani bandari, stesheni na kambi, inajulikana vizuri kuliko idadi ya waliokufa. Lakini hata idadi inaweza kukaribiwa zaidi. Rejista za maziko za misheni, vitabu vya kodi vya wilaya na taarifa za kampuni za reli na za mashamba zipo katika nyaraka za Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na makanisa ya bara, na nyingi hazijawahi kusomwa kwa swali hili. Idara za historia za vyuo vyetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wapewe kazi hiyo, wilaya kwa wilaya, kabla karatasi hazijaliwa na mchwa.