Kusoma Kidahizo cha Kiingereza: Fasili na Matamshi

Mwanafunzi wa Nkoaranga, katika miteremko ya Mlima Meru, kwa kawaida hukifikia Kiingereza akiwa tayari na lugha mbili: Kimeru cha nyumbani, ambacho ni jamaa wa Kichaga wala si Kimeru cha Kenya, na Kiswahili cha shule ya msingi. Aingiapo kidato cha kwanza, Kiingereza, ambacho hapo awali kilikuwa somo tu, huwa lugha ya kufundishia masomo karibu yote. Neno asilolielewa katika biolojia humkosesha biolojia yenyewe. Hapo ndipo kidahizo kinapopaswa kusomwa chote, ilhali wengi huishia kwenye neno la kwanza la Kiswahili waliloliona.

Neno hilo ni kisawe tu, na kisawe hakichori mipaka ya maana. Kiswahili huviita "arm" na "hand" mkono. "Leg" na "foot" ni mguu. "Finger" na "toe" ni kidole. Huo si upungufu wa Kiswahili, kwani nacho hutenga mpunga, mchele na wali pale ambapo Kiingereza hutosheka na "rice". Lakini mfasiri wa taarifa ya daktari aandikapo "hand" kwa kuwa tu mgonjwa amesema amevunjika mkono, huenda akauhamisha mfupa uliovunjika. Fasili ndiyo inayomwonya: "arm" huanzia begani, "hand" ni sehemu iliyo baada ya kifundo, yenye kiganja na vidole.

Fasili za Kiingereza hazimwelemei anayeanza kama inavyodhaniwa. Mwaka 1935 Michael West na James Endicott walitoa kamusi ya wanafunzi iliyotumia maneno 1,490 tu kufasilia mengine yote. Kamusi ya Longman ya mwaka 1978 ilitumia takriban 2,000. Kwa hiyo anayeyamudu maneno elfu mbili ya kawaida anaweza kuanza kuitumia kamusi ya lugha moja, na walimu wasimcheleweshe.

Kuhusu matamshi, tahajia ya Kiingereza ni shahidi asiyeaminika, na Kiswahili chenyewe kina ushahidi bora. Maneno risiti, saini, kabati na plau hufuata sikio. Hatusemi "risipti" wala "saigini", kwa sababu herufi p ya "receipt" na g ya "sign" hazitamkwi. Vivyo hivyo p ya "cupboard" na gh ya "plough". Mwalimu anaweza kuyaanza matamshi kwa maneno haya, ambayo mwanafunzi ameyatamka tangu utotoni.

Ushahidi huo, hata hivyo, unakoma kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban ishirini, zikiwamo zile za mwambatano. Tazama "shirt": tulipoichukua peke yake tukapata shati, ilipokuja ndani ya "T-shirt" tukapata tisheti. Irabu ni ileile, /ɜː/, nasi tumeisikia mara a, mara e. Ndiyo sababu "cat", "cut" na "cart" humwia vigumu mwanafunzi kuzitofautisha katika imla, na alama za kifonetiki /æ/, /ʌ/ na /ɑː/ hazina mbadala wa herufi za Kiswahili. Kuandika "kat" pembeni mwa daftari, desturi iliyoenea mno, hufuta tofauti yote.

Kisha kuna mkazo. Katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: Nkoa-RA-nga, hospi-TA-li. Kiingereza huanza na mkazo katika "hospital", na kamusi huonyesha hivyo kwa kijistari kilichosimama kabla ya silabi husika: /ˈhɒspɪtl/. Wakati mwingine mkazo hubadilika pamoja na aina ya neno. "Record" ikiwa nomino, yaani kumbukumbu au rekodi, husomwa /ˈrekɔːd/. Ikiwa kitenzi, kuandika au kurekodi, husomwa /rɪˈkɔːd/. Msomaji aanze basi na kifupisho cha aina ya neno, ambacho wengi hukiruka, kabla ya kuchagua matamshi ya kulisoma neno hilo kwa sauti.