Mlinzi Asiyejibu

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 16 Aprili 2010, nilikuta barua pepe zimesimama. Ofisi yetu ndogo mjini Tarime ilikuwa na seva moja, kompyuta ya mezani iliyochoka, iliyokaa chini ya meza ya mhasibu na kutumia Debian 5.0 niliyoisakinisha kutoka kwenye sidii. Barua ikiingia ilipokelewa na Postfix, Postfix akamkabidhi amavis, na amavis akamuuliza clamd kama ndani kuna kirusi. Clamd ndiye mlinzi wa ClamAV, programu huria ya kukamata virusi iliyoanzishwa na Mpoland Tomasz Kojm mwaka 2002. Siku hiyo amavis alikuwa anauliza na clamd hajibu.

Clamd ni dimoni. Neno hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1963, pale MIT nchini Marekani, kundi la Fernando Corbató lilihitaji jina la programu zinazofanya kazi kimya nyuma ya pazia bila kuamriwa na mtu. Wakaazima jina la kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, yule anayekaa kwenye kijilango akichagua chembe ipi ipite na ipi ibaki. Kwetu ukimwambia mtu kwamba kompyuta ya ofisi ina pepo, atatafuta mchungaji. Lakini wazo la asili, la mtu anayekaa mlangoni na kuchagua, linamfaa clamd kuliko dimoni nyingine yoyote ninayoijua.

Amavis na clamd huongea kupitia soketi, faili lisilo na maandishi ndani yake, ambalo ni kama dirisha la mapokezi. Kwenye Debian hukaa /var/run/clamav/clamd.ctl. Mazungumzo yakishindikana, faili la kumbukumbu hutoa moja ya majibu matatu, na kazi yote ya kutafuta tatizo ni kusoma ni lipi. "Permission denied" maana yake mlinzi yupo lakini wewe si wa nyumba hii, na dawa yake ni kumwingiza amavis kwenye kundi la clamav. "Connection refused" maana yake dirisha lipo ila nyuma yake hakuna mtu: dimoni amekufa akaacha soketi yake ukutani. "No such file or directory" maana yake hata dirisha halipo. Ama mafaili mawili ya mipangilio yanataja njia tofauti, ama dimoni hajawahi kusimama vizuri.

Mimi nilipata jibu la tatu, na nikapoteza asubuhi nzima kwa kutoliamini. Nililinganisha njia kwenye mafaili yote mawili, zikawa sawa herufi kwa herufi. Nikampa amavis ruhusa ambazo tayari alikuwa nazo. Nikaangalia kama diski imejaa, haikujaa. Nikamwasha clamd kwa mkono, akasimama sekunde chache, akaanguka. Hapo ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kuanza nalo: nikafungua kumbukumbu zake mwenyewe badala ya zile za amavis. Anayelalamika kwamba mwenzake hajibu hawezi kukueleza kwa nini hajibu.

Mstari ulikuwa wazi. Toleo langu, 0.94, lilikuwa limefikia mwisho wa maisha yake, nami niliambiwa nihamie 0.95 au zaidi. Halikuwa onyo. Ilikuwa hukumu iliyokwisha kutekelezwa usiku nikiwa nimelala.

Ilikuwaje? Matoleo ya zamani ya ClamAV yalikuwa na kasoro katika freshclam, programu inayoleta saini mpya za virusi: yalishindwa kupokea nyongeza yenye saini ndefu kuliko baiti 980. Kila saini ndefu ilipotolewa, mashine nyingi za zamani duniani zingeshindwa na kuanza kupakua mafaili mazima upya, mzigo ambao seva za mradi zisingeubeba. Toleo 0.95 lilitoka Machi 2009 likiwa limetibu kasoro hiyo. Oktoba mwaka huohuo mradi, ambao tangu 2007 ulikuwa mali ya kampuni ya Marekani ya Sourcefire, ulitangaza kwamba baada ya miezi sita matoleo ya zamani yatazimwa. Tarehe 15 Aprili 2010 wakaweka saini maalumu ndani ya mafaili ya kawaida ya kila siku. Kila clamd wa zamani aliyeisoma alijizima. Seva za barua zilisimama katika nchi nyingi, na wasimamizi wake walikasirika kwelikweli. Wengine walisema kuacha kuhudumia programu ni jambo moja, kuizima kwenye mashine ya mtu mwingine ni jambo jingine.

Nami nilikasirika, na hata leo naona hasira ile ilikuwa halali. Tangazo la miezi sita ni tangazo kwa anayelisoma. Debian 5.0 ilitolewa Februari 2009 ikiwa na 0.94 ndani yake, na aliyetaka toleo jipya alipaswa kujua kwamba kuna hazina ya pembeni iitwayo volatile. Sikujua. Kilichoniuma zaidi ni hiki: saini ile iliwafikia wale tu waliokuwa wakisasisha kila siku. Mimi nilikuwa nimepanga freshclam aamke usiku wa manane, wakati kiungo chetu cha setilaiti hakina watu, nikijiona mtunzaji makini. Ofisi iliyokuwa imezima usasishaji ili kuokoa intaneti iliamka Ijumaa ile na barua zake zikipita kama kawaida.

Tulikuwa na majirani waliolifikiria jambo hili la matunzo mapema kuliko sisi. Upande wa pili, wilayani Serengeti, wataalamu wa COSTECH, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na chuo cha KTH cha Sweden walikuwa wamejenga mtandao walioueleza mwaka 2008 huko Seattle kwa jina la Serengeti Broadband, wa kuhudumia shule, vituo vya afya na ofisi za serikali za mitaa. Ruta zao zilikuwa kompyuta ndogo za Linux zenye Bifrost, mfumo uliotengenezwa Uppsala na Robert Olsson na wenzake, mwembamba kiasi cha kukaa kwenye flashi. Olsson alikuwa mmoja wa watu walioandika upya namna kiini cha Linux kinavyopokea pakiti nyingi kwa wakati mmoja. Kinachonivutia kwao si kasi, ni swali waliloliuliza tangu mwanzo: umeme ukikatika na aliyejenga yuko mbali, nani atakitengeneza kifaa hiki, na kwa nini?

Turudi chini ya meza ya mhasibu. Clamd akikosekana, amavis humwendea msaidizi, clamscan, lakini naye husoma saini zilezile, kwa hiyo alikunywa sumu ileile. Amavis akikosa wote hafungui mlango wala haitupi barua. Huiambia seva inayotuma: jaribu baadaye. Kwa desturi seva hizo huendelea kujaribu hadi siku tano. Hakuna kilichokuwa kimepotea.

Ila kulikuwa na binti wa jirani, aliyetumia anwani ya ofisi yetu kwa idhini ya mkuu, akisubiri fomu ya ufadhili wa masomo. Ilitakiwa irudi imesainiwa kabla ya Jumamosi adhuhuri. Alikuja saa nne, akarudi saa nane. "Kaka, bado?" Nikamwambia bado, bila kumwambia kwamba aliyeizuia yupo chini ya meza.

Rafiki yangu wa Mwanza alikuwa na intaneti bora kuliko yetu. Nilimpigia, akakubali kupakua vifurushi vya 0.95 na kumpa kondakta wa basi la Sirari flashi. Ingefika kesho. Fomu isingeweza kungoja kesho. Njia iliyobaki ilikuwa kuondoa mstari mmoja kwenye mipangilio ya amavis na kuruhusu barua zote zipite bila kukaguliwa, huku nikijua kwamba kompyuta zote za ofisi ni za Windows na hakuna hata moja yenye kinga ya maana.

Mlinzi wetu wa usiku alifika saa kumi na mbili, nami bado nimechuchumaa pale. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Nani kafa?" Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Mzee huyu aliwahi kuwa sungusungu, ulinzi wa wananchi uliozaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuenea hadi huku, wakati bunduki zilizozagaa baada ya Vita vya Kagera zilikuwa zimeugeuza wizi wa ng'ombe kuwa vita. Aliniambia kwao yowe likipigwa na mtu asitoke, anatozwa faini. "Lakini usiku huohuo hatumwendei yeye," alisema. "Tunaenda kwenye ng'ombe."

Nikaondoa mstari.

Nilichosahau ni kwamba kufungua mlango hakuwaiti waliokwisha kuondoka. Seva inayotuma hurudi kwa ratiba yake, na kila ikishindwa huchelewa zaidi kabla ya kujaribu tena. Kwa hiyo mlango ulibaki wazi saa moja, saa mbili, mvua ya masika ikipiga bati na dishi likipoteza mawimbi kila mara. Mzee alileta chai. Saa tatu na dakika kadhaa fomu iliingia. Nikaichapa, nikaurudisha mstari, nikampelekea binti nyumbani kwao chini ya mwavuli.

Jumamosi saa tisa nilipokea flashi stendi. Nilimsakinisha clamd mpya, akasoma saini, akasimama, na clamd.ctl ikatokea mahali pake. Nikazikagua kwanza barua zilizopita usiku: zilikuwa salama. Kisha, kwa mazoea tu, nikaikagua flashi yenyewe. Ilikuwa na kirusi cha autorun, cha aina iliyokuwa kwenye karibu kila flashi ya kahawa za intaneti enzi zile. Nikaifuta, nikamrudishia kondakta yuleyule Jumatatu, na kumwandikia rafiki yangu aangalie kompyuta yake.