Waliopanda Ili Kuokoa



Jioni ya tarehe 24 Desemba 2025, Kanisa lilipokuwa likijiandaa kwa Misa ya mkesha wa Noeli, helikopta ya uokoaji ilianguka katika Mlima Kilimanjaro, karibu na kambi ya Barafu, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,600. Wote watano waliokuwamo walifariki dunia: rubani, daktari, mwongoza watalii, na watalii wawili wa Jamhuri ya Cheki waliokuwa wakiteremshwa kwa matibabu.

Historia ya mlima huu imezoea kuwataja waliofika kileleni. Twasoma kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika huko mwaka 1889; ni nadra kusoma habari za walioteremsha wagonjwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya wapagazi, wakisukuma machela ya gurudumu moja juu ya mawe. Kwa kuwa tiba ya kwanza ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka upesi, helikopta ilikuwa msaada mkubwa. Lakini hewa nyepesi inayomdhoofisha mpandaji huidhoofisha pia helikopta: injini hupungukiwa nguvu, na mapanga yake hukosa hewa nzito ya kuibeba. Mwokoaji huingia katika hatari ile ile ya anayeokolewa.

Sisi wa Shinyanga na Geita twaijua kweli hiyo, ingawa kwetu hatari imo chini ya ardhi. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41. Kila duara linapotitia, wapo wanaoshuka kuwatafuta wenzao huku udongo haujatulia.

Hao wanatufafanulia Yohane 15:13, na Noeli yenyewe. Mungu hakungoja tumfikie kileleni. Alishuka mahali alipolala mgonjwa, akashiriki hatari yetu hata kufa.

Basi tusiishie kuwasifu waokoaji. Mwenye duara asiyeweka matimba imara anachimba makaburi mawili: la mchimbaji, na la yule atakayeshuka kumtafuta. Kuzuia ajali ni kumpenda mwokoaji kabla hajaitwa.

Jumapili hii tuwaombee marehemu hao watano, na wote waliofia migodini, wapate pumziko la milele. Nazo familia zao zipate faraja.