Abiria Juu ya Mzigo: Sheria, Usalama na Magari ya Mnadani Wilayani Songea

Aprili 2023, wafanyabiashara waliotoka mnadani Ndongosi, wilayani Songea, kuelekea Namatuhi walikuwa wamepanda Fuso pamoja na bidhaa zao. Gari lilitumbukia Mto Njoka na watu 13 wakapoteza maisha. Baada ya misiba ya namna hii lawama humwangukia dereva, kisha trafiki. Wote wawili wana la kujibu. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba chanzo kikubwa zaidi hakiguswi: namna minada yenyewe inavyoendeshwa.

Kisheria, msingi uko wazi. Leseni za LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya 2019 na kurithi kazi za usafiri huo kutoka SUMATRA, mdhibiti aliyeitangulia, hutenganisha gari la abiria na gari la mizigo. Mwenye Fuso au pikapu ya mizigo anayetoza nauli anafanya biashara ambayo leseni yake haimruhusu. Lisilozungumzwa vya kutosha ni bima. Bima hukatwa kulingana na matumizi ya gari. Kwa hiyo familia ya aliyefia kwenye bodi la lori inaweza kujikuta ikivutana na kampuni juu ya fidia ambayo abiria wa basi angeidai bila mzozo huo.

Usalama nao hauishii kwenye kukosa mkanda. Gari la mizigo limeundwa kubeba shehena iliyofungwa ikatulia, na watu hawatulii. Likikata kona wote huegemea upande mmoja, na kwa kuwa wamekaa juu ya magunia, uzito hupanda juu na gari hupinduka kwa urahisi. Mtazame mama muuza mitumba: amekaa juu ya robota, mkono mmoja umeshika kamba ya turubai, mwingine umempakata mtoto. Kamba ile ilifungwa kwa ajili ya robota. Robota likihama, naye anahama nalo. Akirushwa gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kasi yake ni ile ya mtu aliyeanguka kutoka urefu wa mita 14 hivi. Na pikapu ya tani moja inakaribia kujaa kwa watu 15 wenye kilo 65 kila mmoja, kabla hata gunia moja la mahindi halijapakiwa.

Kwa nini basi anapanda? Kusema ni ujinga ni kumdhalilisha. Hatari anaijua kuliko sisi tunaoiandika. Mchuuzi haachani na mzigo wake. Ukitangulia bila yeye unaweza kufunguliwa, kulowa au kushushwa pasipo pake, na daladala haichukui marobota matano. Sheria imetenganisha mtu na mzigo, ilhali riziki yake imeviunganisha.

Nchi hii iliwahi kukutana na hitaji kama hili. Chai maharage za Dar es Salaam, daladala za zamani, zilikuwa na mabenchi ya kutazamana, na Zanzibar pikapu zilijengewa bodi la mbao lenye paa na viti. Sipendekezi kuzileta kwenye milima ya Ruvuma. Ninachokithamini ni kwamba gari lilibadilishwa kwa ajili ya abiria, hakuachwa ajishikize anavyojua.

Mnada si dharura. Siku yake inajulikana, uwanja umetengwa, ushuru unatozwa. Halmashauri inayopokea ushuru huo iufanye usafiri kuwa sharti la mnada: basi dogo lenye leseni ya muda liongozane na gari la mizigo, na kila robota liandikwe jina na nambari kabla ya kupakiwa. Atakayesema nauli itapanda amesema kweli, na ndiyo sababu sehemu ya ushuru inapaswa kuifidia. Ukaguzi nao uhamie pale mnadani jioni, magari yanapopakiwa. Trafiki anayewashusha watu katikati ya pori na mizigo yao amewaacha wakisubiri Fuso linalofuata.